Foleni Mbili za Simu: Krismasi Iliyolikwamisha Shirika la Southwest

Siku moja baada ya Krismasi ya 2022, kwenye viwanja vya ndege vya Marekani, kulikuwa na watu wa aina mbili walioshika simu sikioni wakisubiri shirika moja liwapokelee. Kulikuwa na abiria waliofutiwa safari, wameketi sakafuni wameegemea mabegi, chaji zinaisha. Na kulikuwa na marubani na wahudumu wa ndege wa shirika hilo hilo, wamevaa sare, wanataka kuambiwa waruke na ndege ipi, kutoka wapi, na kama hawaruki walale hoteli gani. Abiria anasubiri saa nzima, saa mbili, saa nne, wengine wakipata tu mlio wa laini kutumika. Rubani naye, kwenye namba yake ya ndani ya ofisi, anasubiri vivyo hivyo.

Shirika lenyewe ni Southwest Airlines, lenye makao Dallas, Texas. Kati ya tarehe 21 na 31 Desemba mwaka ule lilifuta safari 16,900 na kukwamisha abiria zaidi ya milioni 2, kwa hesabu ya Wizara ya Uchukuzi ya Marekani. Nimekirudia kisa hiki mara nyingi kwa sababu nimewahi kukaa upande wa ndani wa kaunta, na kwa sababu naona wengi tunakisimulia nusu. Husemwa dhoruba ilipiga, kompyuta za zamani zikashindwa, abiria wakateseka. Yote hayo ni kweli. Ila foleni ile ya kwanza ya simu, ya abiria, ilizaliwa na foleni ya pili, ya wafanyakazi. Mteja alikosa huduma kwa sababu aliyepaswa kumhudumia alikuwa hajahudumiwa na ofisi yake. Yule dada wa kaunta hakuwa mkorofi wala mvivu. Hakuwa na neno la kumwambia mtu.

Turudi nyuma kidogo, maana bila kuelewa nauli nafuu inatoka wapi, huwezi kuelewa ilivyovunjika.

Southwest ndiyo mama wa mashirika ya nauli nafuu. Iliasisiwa na Rollin King na Herb Kelleher, na ndege yake ya kwanza ya abiria iliruka tarehe 18 Juni 1971, ikiunganisha Dallas, Houston na San Antonio. Mwaka uliofuata fedha zilibana. Wakauza ndege moja kati ya nne walizokuwa nazo, na badala ya kupunguza safari wakajifunza kuigeuza ndege getini kwa dakika 10: abiria washuke, wengine wapande, mizigo itoke na kuingia, ndege iondoke. Tangu hapo hesabu yao imekuwa hiyo, kwamba ndege inaingiza fedha ikiwa angani na inakula fedha ikiwa chini. Karibu maisha yao yote wamerusha Boeing 737 tu, ili rubani asihitaji mafunzo mapya na fundi asihitaji ghala la vipuri vya kila aina. Hawakuwa na daraja la kwanza, wala siti zenye namba. Ryanair ya Ireland ilikwenda Dallas kujifunza, easyJet ya Uingereza ikaiga, na fastjet ilipoanza kuruka Dar–Mwanza na Dar–Kilimanjaro mwishoni mwa Novemba 2012, nyuma yake alikuwepo mwanzilishi yule yule wa easyJet. Kwa hiyo msomaji wa Mwanza aliyewahi kukata tiketi ya bei chee miezi mitatu kabla ya safari amekula tunda la mti uliopandwa Texas.

Jambo jingine ni jinsi ndege zinavyozungushwa. Mashirika makubwa ya Marekani hupeleka ndege kituo kikuu na kuirudisha, kama gari la Kariakoo–Mbagala: linakwenda, linarudi pale pale, na dereva na konda wake unajua kutwa nzima wako njia ipi. Southwest ilipanga ndege zake kama basi linaloondoka Dar alfajiri, likashusha na kupakia Morogoro, Dodoma, Singida, Shinyanga, likalala Mwanza, kesho yake likaelekea Bukoba, lisiione Dar tena kwa siku kadhaa. Tena madereva wanapokezana njiani: wa Dodoma anashukia Shinyanga, anasubiri basi jingine limpeleke Tabora. Siku ya kawaida mpangilio huu ni mzuri kwelikweli. Abiria wa mji mdogo anapata ndege ya moja kwa moja bila kupitishwa kituo kikuu, na ndege haikai kizembe. Lakini Dodoma ikizibwa, Singida inakosa basi, Tabora inakosa dereva, na yule dereva aliyekwama Shinyanga ana afya njema, ana leseni, amelala vya kutosha, ila hakuna anayekumbuka kwamba yuko Shinyanga.

Dhoruba yenyewe sitaki kuidogosha. Denver, tarehe 21 Desemba, hewa ilishuka kutoka nyuzi 5 hivi juu ya sifuri hadi 15 chini ya sifuri ndani ya saa moja. Kesho yake ilifika 31 chini ya sifuri. Kwenye baridi ya namna hiyo mpakiaji mizigo hukaa nje dakika chache tu kabla vidole havijafa ganzi. Kila ndege lazima imwagiwe dawa ya kuyeyusha barafu kwenye mbawa kabla haijaondoka, na magari ya kumwagia hiyo dawa Southwest ilikuwa nayo machache kuliko ilivyohitaji. Wapakiaji wengi Denver waliripoti kuumwa. Uongozi ukatoa waraka wa kutangaza hali ya dharura kazini, ukidai cheti cha daktari kwa kila atakayesema anaumwa na kutishia kumfukuza atakayekataa saa za ziada. Waraka ule ulisambaa nchi nzima ndani ya siku chache. Mimi ukinipa nichague dalili moja ya mapema kwamba mambo yataharibika, sitachagua kipimajoto. Nitachagua ule waraka. Ofisi inayoanza kwa kumtishia mtu anayesimama kwenye baridi ya 31 chini ya sifuri imeshapoteza habari iliyo muhimu kuliko zote, yaani kwamba watu wake wa chini wamelemewa.

Sasa, United na Frontier nazo zina vituo vikubwa Denver. Baridi iliwapiga wote. Kufikia tarehe 26 mashirika mengi yalikuwa yameanza kupumua, anga imetulia, ratiba zinarudi. Siku hiyo hiyo Southwest ilifuta safari zaidi ya 2,900, karibu 7 kati ya kila 10 ilizopanga. Siku tatu zilizofuata iliamua kwa makusudi kurusha theluthi moja tu ya ratiba ili ipate nafasi ya kujua nani yuko wapi, na ikarudi kamili tarehe 30.

Hapo "kujua nani yuko wapi" ndipo penye kisa chote.

Shirika lilikuwa na programu iitwayo SkySolver. Kazi yake ni kupanga upya marubani na wahudumu ratiba inapovurugika: safari fulani imefutwa, rubani wake aende wapi, nani achukue ile ya jioni. Programu hii ilitazama mbele. Uliipa matatizo ya saa zijazo, ikakokotoa, ikatoa jibu. Kwa siku yenye safari chache za kupanga upya ilimudu. Lakini wiki ile safari zilifutwa kwa wingi, tena dakika za mwisho, kiasi kwamba kabla haijamaliza kukokotoa, yale iliyokuwa inayakokotoa yalikuwa yameshapita. Majibu yalitoka yamechacha. Inampangia rubani safari ya kutoka Baltimore wakati rubani mwenyewe amekwama Nashville tangu jana yake.

Ikabidi wapangaji wa zamu warudi kwenye kazi ya mkono. Andrew Watterson, mkuu wa uendeshaji, aliwaeleza wafanyakazi wake wiki ile ile kwamba wapangaji walikuwa wakikaribia kabisa kumaliza kupanga, kisha kinazuka kikwazo kingine na kazi yote inarudi mwanzo. Hebu fikiria kazi hiyo. Marubani na wahudumu maelfu kwa maelfu, kila mmoja ana kikomo cha saa za kazi kisheria, kila mmoja lazima awe na saa za kupumzika, kila mmoja yuko mji fulani, na unawalinganisha na ndege mmoja mmoja kwa jicho.

Na ili umpange mtu lazima ujue alipo. Utaratibu wa kujua ulikuwa simu. Rubani aliyekwama anapiga ofisi ya zamu, anasema: niko mji huu, nimelala saa kadhaa, niko tayari. Watu elfu kadhaa wakipiga ndani ya usiku mmoja kwa ofisi yenye watu wachache, simu hazipokelewi. Chama cha marubani, SWAPA, kilieleza jinsi wanachama wake walivyokaa kwenye simu saa nyingi wakisubiri kupewa kazi au chumba, na jinsi ndege na wafanyakazi wake walivyokuwa kiwanja kimoja, wote wako tayari, na hakuna safari kwa sababu kompyuta haikujua kwamba wako pamoja. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma. Ndege ipo. Rubani yupo. Abiria wapo, na tiketi zao mkononi. Kilichokosekana ni habari moja fupi kufika mahali pake.

Hapa naomba nitoke Marekani kidogo.

Niliwahi kufanya kazi kaunta ya shirika moja la nauli nafuu, jina nalihifadhi, kiwanja cha Mwanza. Mchana mmoja ndege iliyotakiwa itoke Dar na kutufikia saa tisa alasiri haikuja. Nikapiga Dar, nikaambiwa, "Ngoja kidogo, tutawajulisha." Saa kumi nikapiga tena: "Bado mafundi wanaangalia, waambie wasubiri." Mbele yangu alikuwa mama mmoja mtu mzima, amejifunga kitenge, chini ya miguu yake deli la bluu lililofungwa gundi ya karatasi pande zote. Ndani mlikuwa na sato aliokuwa anawapeleka Dar kwa mwanawe aliyekuwa na shughuli. Wasafiri wa Mwanza wanalijua vizuri deli hilo. Barafu aliyoweka ilikuwa ya kumfikisha Dar jioni ile, basi.

Saa kumi na moja akanisogelea. Hakupaza sauti. Alisema, "Mwanangu, mimi sigombani na wewe. Niambie ukweli tu. Kama haiji, mdogo wangu yuko hapo Kirumba ana friza, naenda sasa hivi." Nikamjibu nilichoambiwa nijibu: "Mama, tuvumilie kidogo, tunasubiri taarifa kutoka Dar." Nilimwambia hivyo nikiwa na uhakika moyoni kwamba ndege haiji. Ila sikuwa na karatasi, sikuwa na ruhusa, na kama ingekuja kweli baada ya mimi kumruhusu aondoke, nauli ile ingekatwa kwenye mshahara wangu.

Ndiyo maana ninaposoma habari za wahudumu wa Southwest waliosimama kaunta Desemba ile wakilia mbele ya abiria, sioni udhaifu wa mafunzo. Kampuni ile ilijijenga miaka 50 kwa sifa ya ukarimu. Wahudumu wake walijulikana kwa utani na uchangamfu angani. Ukarimu wao haukwenda popote wiki ile. Bado walikuwa watu wale wale. Walinyimwa vitu viwili ambavyo bila hivyo kaunta ni meza tupu: kujua, na kuruhusiwa kuamua.

Tazama lililofuata upande wa abiria. Kwa kawaida shirika likishindwa kukusafirisha huweza kukuhamishia shirika jingine, na hesabu wakazimaliza wao kwa wao. Southwest, katika kubana gharama, haikuwa na makubaliano hayo na shirika lolote. Ukikwama kwao umekwama nao. Chaguo lilikuwa kusubiri siti ya Southwest, na siti hizo baada ya Krismasi zilikuwa za siku kadhaa mbele, au kujitegemea. Watu wasiojuana walikutana kwenye foleni, wakachanga, wakakodi gari, wakaendesha usiku na mchana kuvuka majimbo. Wengine walinunua tiketi mpya kwa mashirika mengine, baadhi yao yakiwa yamekubali kuweka kikomo cha nauli kwa njia hizo. Wapo waliolala uwanjani na watoto. Kwa Waswahili walioko Dallas, Houston au Phoenix, ambako jamii zetu ni kubwa na Southwest ni kama daladala ya kwenda kwa ndugu jimbo la pili, likizo ile ilipita hivyo hivyo.

Halafu kuna mabegi. Picha za Chicago Midway na Denver za siku zile zinaonyesha mabegi yamepangwa sakafuni kama miche kitaluni, mamia kwa mamia, ya rangi zote. Wakati ule Southwest ilijivunia kutotoza mabegi mawili ya kwanza, kwa hiyo watu wake walisafiri na mabegi mengi kuliko abiria wa mashirika mengine. Sifa nzuri siku njema. Safari ilipofutwa, begi mara nyingi lilikuwa limeshatangulia, au limebaki mji wa katikati ambao mwenyewe hakuufika kabisa. Ndani ya begi kuna dawa ya presha, funguo za nyumba, nguo ya harusi, zawadi ya mjukuu. Mtu aliyekata tamaa ya kusafiri na kurudi nyumbani alirudi mikono mitupu, akasubiri siku nyingi begi lake litafutwe. Begi halina mdomo wa kusema liko wapi, kama vile rubani asiyepokelewa simu.

Wapo wanaosema ndiyo bei ya nauli nafuu: ulilipa kidogo, vumilia. Hoja hiyo siikubali hata kidogo, na Southwest inasaidia kuipinga kuliko shirika lolote. Sisi Afrika Mashariki tunaikumbuka Desemba 2018, fastjet Tanzania ilipofuta safari msimu wa sikukuu na TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Tanzania, ikatoa notisi ya siku 28 ya kusudio la kuifungia kwa sababu, pamoja na mengine, ya madeni. Lile lilikuwa shirika lililoishiwa pumzi kifedha, na ilisikitisha kwa namna yake. Southwest haikuishiwa. Tarehe 7 Desemba 2022, wiki mbili tu kabla ya baridi kufika Denver, ilitangaza kurudisha gawio kwa wanahisa, jambo ambalo halikuwa limefanyika tangu janga la korona. Fedha za kuwapa marubani njia ya kuripoti walipo bila kupiga simu zilikuwepo.

Onyo pia lilikuwepo. Julai 2016 kifaa kimoja cha mtandao kiliharibika na safari zaidi ya 2,000 zikafutwa kwa siku chache. Oktoba 2021 kukatokea mkwamo mwingine, safari zaidi ya 2,000 tena, hali ya hewa ikasingiziwa, na marubani wakasema kwamba tatizo ni mfumo wa kupanga zamu. Bob Jordan, aliyekuwa mkurugenzi mkuu tangu Februari 2022, aliingia Southwest mwaka 1988 kama mwandishi wa programu za kompyuta. Nalitaja hilo kwa sababu hatuwezi kusema wakubwa hawakuelewa kompyuta ni kitu gani. Walielewa. Kwenye orodha ya matumizi, kitu ambacho abiria hakioni kilisogezwa chini mwaka hadi mwaka, hadi siku abiria alipokiona.

Kwa upande wa fedha mambo yalikwenda hivi. Sheria ya Marekani iko wazi: shirika likifuta safari na abiria asikubali nyingine, anarudishiwa nauli yake, iwe dhoruba au si dhoruba, ndani ya siku 7 za kazi kama alilipa kwa kadi na siku 20 kama alilipa kwa njia nyingine. Southwest ililipa zaidi ya dola milioni 600 za nauli na gharama za hoteli, chakula na usafiri mbadala, kwa waliotunza risiti. Kila aliyeathirika alipewa pointi 25,000 za safari. Hasara nzima kwa kampuni ilipita dola bilioni 1.

Kisha Desemba 2023 wizara ikaitoza faini ya dola milioni 140, mara 30 ya faini kubwa kuliko zote zilizowahi kutolewa kabla ya hapo kwa makosa ya kumdhulumu abiria. Na mashtaka yenyewe yanafaa kusomwa polepole. Haikutozwa kwa sababu theluji ilianguka, wala kwa sababu ndege hazikuruka. Ilitozwa kwa mambo matatu: kushindwa kuhudumia watu waliopiga simu, kushindwa kuwajulisha mapema hali ya safari zao, na kuchelewa kuwarudishia baadhi yao fedha. Yaani sheria iliangalia pale pale nilipokuwa nimesimama Mwanza: simu isiyopokelewa na taarifa isiyotolewa.

Katika hizo milioni 140, ni milioni 35 tu zilizopaswa kwenda hazina ya serikali. Milioni 33 kampuni ilihesabiwa kwa pointi ilizokwisha kutoa, na zilizobaki zilihesabiwa kwa mpango wa vocha za dola 75 au zaidi kwa abiria watakaocheleweshwa saa 3 au zaidi kwa kosa la shirika lenyewe, kwa miaka mitatu mbele. Mwishoni mwa 2025 wizara ikaisamehe kampuni awamu ya mwisho ya dola milioni 11, kwa kuzingatia ilichowekeza kwenye uendeshaji wake. Wengine walikasirika. Mimi msamaha huo haunisumbui sana kama fedha zimekwenda kweli kwenye kituo cha uendeshaji. Vocha ndizo ninazozipenda zaidi, kwa sababu zinampa mhudumu wa kaunta kitu cha kutoa papo hapo bila kuomba kibali cha mkubwa wake.

Ulaya walichagua njia nyingine tangu Kanuni ya 261 ya mwaka 2004: shirika lolote, hata la nauli ya kutupa, lazima limlishe na kumlaza abiria aliyekwama, na lisipokuwa na sababu iliyo nje ya uwezo wake limlipe kati ya euro 250 na 600. Marekani hawana fidia ya namna hiyo. Ningependa kuona ya Ulaya ikisomwa kwa makini na wasimamizi wetu wa Nairobi na Dar, hasa ile sehemu ya kulisha na kulaza, maana haiangalii nani mkosaji. Inaangalia tu kwamba mtu ana njaa na usiku umeingia.

Tarehe 9 Februari 2023 Watterson alikaa mbele ya maseneta Washington na kuomba radhi. Meza ile ile alikaa Casey Murray, rais wa chama cha marubani, akaeleza kwamba wenzake walikuwa wameonya kwa miaka. Tangu hapo SkySolver imeboreshwa iweze kupanga upya hata safari zilizokwisha kupita, magari ya kuyeyushia barafu yameongezwa, na idara zilizokuwa zinafanya kazi kila moja kivyake zimeletwa karibu. Mabadiliko haya ni ya maana na nayasifu bila kusita.

Ile ndege ya Mwanza haikuja. Saa tatu kasoro usiku Dar walinipigia, wakasema safari imesogezwa hadi kesho saa moja asubuhi, niwatangazie. Nilipomfikia yule mama alikuwa ameshaondoa gundi upande mmoja wa deli. Barafu yote ilikuwa imekuwa maji, yanavuja kidogo kidogo sakafuni mpaka kwenye kandambili zake, na harufu imeanza. Nilimwita bodaboda, nikamlipia kwa fedha yangu hadi Kirumba. Alipopanda alishika deli kwa mikono miwili mbele ya tumbo, akaniambia, "Ungeniambia saa kumi na moja, mwanangu, wangepona."